Aliyezaliwa na Kiingereza na Lugha za Watu

Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ina chuo chake, kilichoanzishwa mwaka 1947, ambako wanadiplomasia hufundishwa lugha kabla ya kupelekwa vituoni. Kwa miaka mingi walimu wa chuo hicho wamekuwa wakipima muda anaouhitaji Mmarekani mwenye Kiingereza cha nyumbani hadi aweze kufanya kazi yake kwa lugha ngeni, na wamezipanga lugha za dunia kwa makundi. Kihispania na Kifaransa huchukua wiki 30 hivi za kusoma kutwa. Kirusi, Kihindi, Kituruki na Kifini huchukua wiki 44. Kiarabu, Kichina, Kijapani na Kikorea huchukua wiki 88. Kiswahili kimewekwa karibu na mwanzo wa orodha: wiki 36, saa 900 hivi za darasani, kundi moja na Kijerumani na Kiindonesia.

Msomaji wa Kiswahili huenda akafurahi kusikia kwamba lugha yake imehesabiwa miongoni mwa nyepesi. Mimi naliona jambo jingine katika orodha ile, nalo ni kubwa zaidi: imeandikwa kutokana na watu waliofika. Wanaosoma pale ni maofisa wa kawaida, wengi wao watu wazima wenye familia, wanaolipwa mshahara ili wasome na wanaojua kwamba kituo kinawasubiri. Wanasoma na wanaweza. Basi ile kauli inayosikika London na Chicago, na wakati mwingine hata kwetu, kwamba Waingereza na Wamarekani hawakujaliwa sikio la lugha, haina msingi. Utafiti wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba asilimia 39 tu ya watu wa Uingereza waliweza kuzungumza lugha nyingine zaidi ya lugha mama, wakati wastani wa Umoja mzima ulikuwa asilimia 54. Pengo hilo ni la kweli. Chanzo chake ni ulazima, na ulazima una sura nyingi, kila sura ikizaa aina yake ya mjuzi.

Hata hivyo, umbali kati ya lugha na lugha upo, na si haki kuupuuza. Kiingereza kwa asili ni ndugu wa Kijerumani, lakini baada ya Wanormandi kuiteka England mwaka 1066 kilimeza Kifaransa kwa wingi, na leo zaidi ya nusu ya msamiati wake chimbuko lake ni Kifaransa na Kilatini. Ndiyo maana Mwingereza akifungua gazeti la Paris anaweza kukisia habari inahusu nini kabla hajasoma somo la kwanza. Kwa Kijerumani hali inageuka: maneno ya nyumbani, ya mkate na maji na mkono, yanafanana, ila anakutana na jinsia tatu za nomino na kitenzi kinachosubiri mwisho wa sentensi, mambo ambayo Kiingereza kiliyaacha karne nyingi zilizopita. Kwa Kichina kuna toni, kisha maelfu ya alama za kuandikia. Kwa Kiarabu anajikuta amejiandikisha kusoma lugha mbili, ya kitabuni na ya mtaani, na ile ya kitabuni haimsaidii sana kununua nyanya sokoni Cairo.

Kiswahili kinamwendeaje? Aliyewahi kukaa na mgeni anayejifunza anajua kwamba kusoma kwa sauti anaweza baada ya siku chache, kwa kuwa herufi zetu hazidanganyi. Tabu inaanzia mahali ambapo vitabu vingi havipataji. Kiingereza hufifisha karibu kila irabu isiyo na mkazo, hadi inabaki mnong'ono usiojulikana ni a au e. Kiswahili kinataka kila irabu itamkwe kamili, iwe na mkazo au isiwe nao. Tena Kiingereza kimemzoesha kuitafuta sarufi mkiani mwa neno: huko ndiko kulikowekwa alama ya wingi na ya wakati uliopita. Sisi tumeiweka kichwani, kwenye silabi ambazo mara nyingi hazina mkazo, yaani palepale ambapo sikio lake limezoea kupitisha bila kusikiliza. Mwambie "vitabu vyangu vile viwili vimepotea" na atashika kitabu na kupotea. Zile vi- na vy- zinazoifunga sentensi nzima zitampita kama upepo. Kwa hiyo anaweza kuzikariri ngeli zote kwenye jedwali na bado asizisikie zikisemwa. Mwalimu mzuri humfundisha kusikiliza mwanzo wa neno kabla hajamfundisha idadi ya ngeli.

Kuna jambo jingine linalomlemea mwalimu kimya kimya. Kuanzia miaka ya 1960 ufundishaji wa sarufi ulififia sana katika shule za Uingereza, na vizazi kadhaa vilimaliza shule bila kuulizwa kitenzi ni nini. Mtu wa namna hiyo akija Unguja kusoma Kiswahili anajifunza mambo mawili kwa mpigo: lugha yetu, na jinsi lugha yoyote inavyojengwa. Mtanzania aliyesoma Kiingereza shuleni alishapitia hayo zamani.

Na salamu. Kwa Kiingereza salamu ni mlango, unapita na kuingia kwenye shughuli. Mgeni anatamka "habari" na kabla hajajibiwa ameshauliza bei. Hakuna kosa la sarufi hapo, lakini mama muuzaji ameshaona amedharauliwa. Kujua nani wa kumpa shikamoo, nani wa kuulizia watoto, na muda gani upite kabla ya kutaja shida iliyokuleta, ni sehemu ya lugha ambayo saa 900 za darasani zinaweza zisiifikie.

Pamoja na ugumu wote huo, watu wanafika. Provo, katika jimbo la Utah, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho huwakusanya vijana wake, huwafundisha lugha kwa wiki chache tu, kisha huwatuma Brazili, Japani au Madagaska, wasichana kwa miezi 18 na wavulana kwa miaka miwili. Wengi wametoka miji midogo ya milimani ambako hawakupata kumsikia Mjapani akiongea. Wanarudi wanahubiri na kujibu hoja kwa lugha hiyo, kwa sababu kila asubuhi walikuwa wakibisha hodi kwa watu wasiohitaji Kiingereza. Karibu na kwetu, mmisionari Mwingereza Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864 na misheni ya UMCA. Mwaka 1870 alikuwa ameshatoa kitabu cha sarufi na msamiati wa Kiswahili cha Unguja, na mwaka huohuo mkusanyo wa hadithi alizopokea vinywani mwa Waunguja wenyewe. Alikuwa mtu wa bidii, lakini alikuwa pia na bahati ambayo mgeni wa leo hana: Unguja ya Sayyid Majid haikuwa na sababu yoyote ya kumjibu kwa Kiingereza.

Ulazima ukiondolewa, matokeo hayachelewi. Mwaka 2004 serikali ya Uingereza iliruhusu wanafunzi wa England kuacha lugha za kigeni wakifika umri wa miaka 14. Mwaka 2002 robo tatu hivi ya wanafunzi walikuwa wakifanya mtihani wa lugha wa GCSE, ule wa umri wa miaka 16. Kufikia mwaka 2011 walikuwa asilimia 40, na idadi haijarudi ilikokuwa. Kijerumani kimeumia sana: katika miaka ya karibuni wanaokifanyia mtihani wa A-level, ule wa kumalizia sekondari, wamekuwa chini ya 3,000, katika nchi yenye mamilioni ya vijana na inayofanya biashara kubwa na Ujerumani. Tangu mwaka 2014 shule za msingi za England zimetakiwa kufundisha lugha ya kigeni, na ni hatua njema, ila mtoto anayejua kwamba akifika miaka 14 anaweza kuliacha somo hulisoma kwa moyo wa mpita njia.

Marekani historia yake ni ya kupanda na kushuka kwa hofu. Vita vya Kwanza vya Dunia viligeuza chuki dhidi ya Ujerumani kuwa chuki dhidi ya Kijerumani, na mwaka 1919 jimbo la Nebraska likapitisha sheria ya kukataza kuwafundisha lugha ngeni watoto ambao hawajamaliza darasa la nane. Mwalimu Robert Meyer alitozwa faini kwa kumfundisha mtoto wa miaka 10 kusoma Kijerumani. Mahakama ya Juu ya nchi ilikuja kuifuta hukumu hiyo mwaka 1923, lakini wakati huo Kijerumani, kilichokuwa lugha ngeni ya kisasa iliyosomwa zaidi katika shule za sekondari, kilikuwa kimeshaporomoka. Kisha Warusi wakarusha setilaiti ya Sputnik mwezi Oktoba 1957, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa, iliyomwaga fedha kwenye lugha ambazo Wamarekani walikuwa hawazisomi, Kiswahili kikiwemo. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 ikawa zamu ya Kiarabu. Serikali iliyozikumbuka lugha siku ya hatari imekuwa ikizisahau hatari ikipungua, na mwanafunzi hajengi ujuzi wa miaka minane juu ya hofu ya miaka miwili. Kati ya mwaka 2016 na 2021 idadi ya wanaosoma lugha za kigeni katika vyuo vya Marekani ilishuka kwa asilimia 16.6.

Ndani ya anguko hilo kuna jambo la kutia moyo: Kikorea kilipanda kwa zaidi ya theluthi. Kikorea kiko katika lile kundi la wiki 88, miongoni mwa lugha ngumu kuliko zote kwa mwenye Kiingereza. Kilichowavuta vijana hao ni nyimbo na tamthilia, hamu ya kuwaelewa watu wanaowapenda bila kupitia maandishi ya tafsiri chini ya kioo. Hamu nayo ni ulazima, ulazima wa moyo. Wamarekani Weusi waliodai Kiswahili vyuoni mwishoni mwa miaka ya 1960, enzi zilezile Kwanzaa ilipoanzishwa California mwaka 1966 na kanuni zake saba zikapewa majina ya Kiswahili, walisukumwa na hamu ya aina hiyo. Hawakuhitaji Kiswahili kupata kazi. Walitaka lugha ya Afrika ambayo ingekuwa yao wote bila kujali mababu walitoka wapi, na madarasa kadhaa ya Kiswahili yaliyopo leo Marekani yana deni kwao.

Lakini ukitaka kuona ulazima ukifanya kazi mchana kweupe, nenda Quebec, kisha uvuke bahari hadi Ayalandi.

Mji wa Saint-Lambert uko ng'ambo ya mto kutoka Montreal. Miaka ya 1960 Wakanada wa Kifaransa wa Quebec walikuwa wanaamka: wengi katika jimbo, wachache katika ofisi za juu, walikuwa wamechoka kufanya kazi kwa Kiingereza katika nchi yao. Wazazi kadhaa wa Kiingereza walisoma alama za nyakati. Waliona kwamba watoto wao walisoma Kifaransa miaka mingi shuleni na hawakuweza kuongea na jirani. Waliishinikiza bodi ya shule, iliyokubali shingo upande, na Septemba 1965 likafunguliwa darasa la chekechea ambamo watoto wa Kiingereza walifundishwa kila kitu kwa Kifaransa. Wallace Lambert na wenzake wa Chuo Kikuu cha McGill waliwafuatilia. Kiingereza cha watoto hakikuharibika. Waliyumba kidogo katika kukisoma mwanzoni, kisha wakawafikia wenzao kilipoanza kufundishwa. Hesabu hawakubaki nyuma. Kifaransa chao kilikuwa mbali mno mbele ya cha watoto waliokisoma kama somo.

Mwaka 1977 Quebec ikapitisha sheria iliyokifanya Kifaransa kuwa lugha ya kazi na biashara, na wazazi wasiokuwa na shauku wakapata shauku. Leo, kati ya watu wa Quebec ambao lugha mama yao ni Kiingereza, theluthi mbili hivi wanaweza kuzungumza Kifaransa. Katika majimbo mengine ya Kanada, wenye Kiingereza wanaokiweza Kifaransa ni wachache sana, ingawa pasi ni ileile na Kifaransa ni lugha rasmi ya nchi nzima. Tofauti iko mtaani.

Ayalandi ilianza na kila kitu isipokuwa huo mtaa. Kiayalandi si lugha ngeni pale. Ni lugha ya mababu iliyonyang'anywa nafasi yake, na katiba ya mwaka 1937 inakitaja kuwa lugha rasmi ya kwanza. Ila kwa mtoto wa Dublin aliyelelewa kwa Kiingereza ni lugha ya kujifunza kama nyingine yoyote. Anaisoma tangu anapoanza shule hadi anapomaliza sekondari. Katika sensa ya mwaka 2022 watu milioni 1.87 walisema wanaweza kuongea Kiayalandi. Waliosema wanakiongea kila siku nje ya masomo walikuwa 71,968. Nawaheshimu sana walimu waliokiweka hai, na shule zinazofundisha kila somo kwa Kiayalandi zinatoa watoto wanaokiongea kwa raha. Lakini takwimu zile mbili zikiwekwa pamoja zinaonyesha mpaka wa darasa: shule inaweza kumpa mtoto lugha, haiwezi kumpa mtu wa kuongea naye.

Ulazima wenyewe nao una tabia zake, na Afrika Mashariki inalionyesha hili vizuri kuliko Kanada. Tanganyika ya Mwingereza, ofisa wa utawala alitakiwa kufaulu mtihani wa Kiswahili, wa daraja la chini kisha wa juu. Alipaswa kusikiliza mashauri, kusoma barua za majumbe, kuelewa shahidi anayezungukazunguka. Wengi walitoka na Kiswahili cha maana. Kenya, kwenye nyanda za juu, walowezi walikaa miaka 30 na zaidi wakiongea kila siku na vibarua na wapishi, na walichoambulia wengi wao ni Kisetla: vitenzi vya kuamuru na majina ya vyombo, na ngeli hazimo. Vilikuwepo hata vitabu vya kukifundisha Kiswahili cha bara kilichopunguzwa, kama kile cha F. H. Le Breton kilichowalenga askari, walowezi, wachimba madini, wafanyabiashara na wake zao. Mlowezi alikuwa na muda mara nyingi zaidi ya mwanadiplomasia wa leo, na alizungukwa na wasemaji kutwa kucha. Alikosa mtu wa kumwambia amekosea. Mpishi asingethubutu kumsahihisha bwana mkubwa. Kazi yake ilikuwa kukisia bwana anataka nini. Mtu asiyesahihishwa hubaki palepale, hata akikaa nusu ya maisha yake.

Hapo ndipo swali linapotugeukia sisi wenyeji. Mgeni anaagiza chai kwa Kiswahili cha kuokoteza, na kijana wa mgahawa, Dar es Salaam au Mombasa, anamjibu kwa Kiingereza. Anafanya hivyo kwa ukarimu, pengine kwa kutaka naye aonyeshe alichosoma. Mgeni anaelewa kwamba Kiswahili chake hakifai, na kesho hajaribu. Au tunafanya kinyume chake: anatamka maneno mawili na tunampigia makofi kwamba anajua Kiswahili sana. Sifa hiyo humfungia mlango sawasawa na kile Kiingereza, maana anayesifiwa kwa maneno mawili hasahihishwi neno la tatu. Wenyeji wa vijijini Iringa au Pemba ni walimu bora bila kujua, kwa kuwa hawana lugha nyingine ya kuongea naye. Programu za simu za kutafsiri zitaondoa sehemu nyingine ya haja, ile ya dukani na stesheni, na sioni ubaya: mgonjwa anayehitaji dawa usiku hana sababu ya kusubiri ngeli zimkae. Ila simu haitamfanya mtu aketi barazani na kuufuata utani.

Wakati tunamzungumzia huyu mtu wa mbali, mwenye Kiingereza cha nyumbani amezaliwa ndani ya ukoo wetu. Yuko Minneapolis na Leicester, mtoto wa Mkongomani, Mbarawa au Mzanzibari, na yuko Nairobi na Dar es Salaam vilevile, katika nyumba ambamo baba na mama waliamua kumsemesha Kiingereza tangu kitandani ili asome shule nzuri. Kwake Kiswahili kina umbali uleule kilio nao kwa kijana wa Utah: mianzo ya maneno inampita, upatanisho unamchanganya. Ana faida moja kubwa, kwamba anaelewa. Bibi anaongea Kiswahili, mjukuu anajibu Kiingereza, na mazungumzo yanaendelea hadi usiku bila mtu kukwama. Hali hiyo imechunguzwa na watafiti. Watoto wa madarasa ya Kifaransa Kanada walielewa karibu kama wazawa, lakini usemi wao ulibaki na makosa yaleyale miaka na miaka, na mwaka 1985 mtafiti Merrill Swain alieleza kwa nini: waliingiziwa lugha kwa wingi na hawakusukumwa kuitoa. Mtoto anayejibu kwa lugha nyingine na kueleweka hana kinachomsukuma.

Familia ninazozijua ambazo zimefaulu hazikufanya makubwa. Zilimpeleka mtoto likizo Tanga au Lamu, kwa binamu wasiojali shule anayosoma, ambako ili apewe mpira ilibidi auombe kwa Kiswahili, na akikosea anachekwa, anarekebishwa na mchezo unaendelea. Wasioweza nauli wanategemea vitabu, na vitabu vingi vya Kiswahili kwa wageni vimemwandikia mtalii anayeanza na jina lako ni nani, wakati vile vya shule vimemwandikia mtoto anayekiongea tayari. Yule anayeelewa kila neno la bibi na asiyeweza kumjibu anahitaji kitabu chake mwenyewe, kinachoanzia kwenye kusema: kisa anachokijua akisimulie upya, sentensi aisikie kisha aigeuze kutoka mmoja hadi wengi, kwa sauti, akiwa na mtu wa kumsahihisha. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar vina walimu waliofundisha wageni kwa miongo kadhaa na wanaozijua tabu zote nilizozitaja juu ya ngeli na irabu. Wakianza kumwandikia mtoto huyu, watakuta wasomaji wengi wanawasubiri, wengine wao mtaa wa pili kutoka ofisini kwao.